Nywele kavu katika nchi kavu: tiba zilizomo jikoni, na dalili zisizotibika kwa mafuta

 Leo tunazungumzia jambo ambalo baadhi yetu huliona dogo, lakini kila mama wa nyumba anaujua uzito wake: nywele zilizokauka, zikapoteza mng'ao wake, na kukatika kila zinapoguswa na chanuo.

Tunalitazama jambo hili tukiwa Bahi, wilaya iliyo magharibi ya jiji la Dodoma, inayopitiwa na reli ya kati na barabara iendayo Singida. Huko mvua ni ya msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi mingi ya jua, upepo na vumbi, na mbuga ya Bahi hunywea taratibu na kuacha ardhi yenye chumvi. Hali hiyo inayokausha midomo na visigino ndiyo hiyo hiyo inayokausha nywele. Mama hutumia fedha ya mboga kununua kopo la mafuta lenye picha nzuri, likaisha bila mabadiliko, akanunua jingine. Ilhali sehemu kubwa ya anachokihitaji ipo jikoni mwake, na sehemu nyingine haipatikani katika kopo lolote, bali zahanati.

Nywele ni neema, na neema hutunzwa

Katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba mwenye nywele na azikirimu. Kukirimu huko, kama walivyoeleza wanazuoni, ni kuziosha, kuzipaka mafuta na kuzichana. Bibi Aisha (R.A.) naye amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kwamba alikuwa akimchana Mtume (S.A.W.) nywele zake hata alipokuwa katika itikafu, yeye akiwa chumbani mwake na Mtume akimwinamishia kichwa kutoka msikitini.

Lakini dini yetu ni ya wastani. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kushughulika na kuchana nywele kila siku, isipokuwa siku moja na kuacha nyingine. Hivyo basi Muislamu hatakiwi kuwa mchafu mwenye nywele timtimu, wala hatakiwi kuwa mtumwa wa kioo. Nasi tukumbuke kwamba hijabu haikuja kuzificha nywele zilizotelekezwa. Mwanamke huzistiri nywele zake mbele ya asiyekuwa maharimu wake, na nyumbani mwake ana haki ya kujipamba. Mume naye asijitoe katika hesabu hii, kwani Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake.

Kupaka mafuta kichwani wala si jambo geni katika Ugogo. Wasafiri waliopita huko katika karne ya 19 waliwaeleza watu waliosuka nywele zao na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza nchi hiyo, na katika nyayo za misafara hiyo Uislamu uliingia bara pamoja na desturi za watu wa pwani. Kwa hiyo mama wa Bahi ana hazina mbili za kuchota: ya shambani kwake na ya pwani.

Kwa nini nywele hukauka?

Kabla ya dawa ni lazima kuujua ugonjwa. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili. Katika unywele ulionyooka, mafuta hayo huteremka kwa wepesi hadi nchani. Katika unywele wetu uliojipinda, kila kizingo ni kizuizi, na mafuta huishia karibu na shina. Hii ndiyo sababu nywele za Kiafrika hukauka upesi kwa maumbile yake, na si kwa sababu zina kasoro.

Juu ya maumbile hayo huja mambo manne. La kwanza ni hali ya hewa tuliyoieleza. La pili ni maji. Visima vingi vya ukanda wa Dodoma hutoa maji magumu, yenye chokaa na chumvi. Sabuni ikikutana na maji hayo haitoi povu, bali huacha utando mweupe unaong'ang'ania ndoo, na utando huo huo hung'ang'ania nywele zikaonekana kama zimepakwa majivu. La tatu ni sabuni yenyewe. Sabuni ya mche na ya unga zimetengenezwa kwa ajili ya nguo. Zina ukali unaofungua magamba madogo yanayoufunika unywele, na magamba yakibaki wazi unyevu hutoka na mng'ao hupotea. La nne ni mikono yetu: kusuka kwa kukaza mno, kuchana nywele zikiwa kavu kwa kitana chenye meno membamba, pasi za moto na dawa za kunyoosha.

Anzia kwenye kuosha

Mafuta yoyote yakipakwa juu ya uchafu hulisha uchafu. Osha kichwa mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa shampuu isiyo kali au sabuni laini ya kuogea, nayo ipakwe zaidi kwenye ngozi ya kichwa kuliko kwenye ncha. Mwenye tangi la kuvunia maji ya mvua asiyamalize yote kwa kufulia. Jagi moja la mwisho la kusuuzia kichwa kwa maji hayo laini hufanya kazi kubwa.

Asiye na maji ya mvua atumie limau. Kamua kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, uchanganye na lita moja ya maji safi, mimina kichwani baada ya kuosha, acha kwa dakika moja au mbili kisha suuza. Uchachu huo huondoa utando wa sabuni na kuyalaza magamba ya unywele, na hapo ndipo mng'ao unaporejea. Asizidishe kipimo, wala asikae juani limau likiwa bado kwenye ngozi, kwani limau na jua vikikutana huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Mafuta gani, na yapakwe lini?

Mafuta ya nazi ndiyo yenye sifa iliyothibitishwa zaidi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta yatokanayo na petroli. Ni ya nazi pekee yaliyoonekana kupunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni kwamba chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele, ilhali mengine hubaki juu.

Nazi hazioti Bahi, lakini huletwa sokoni kutoka pwani. Kuna nazi tatu au nne, kamua tui zito bila kulijaza maji, lichemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi maji yakauke na mafuta yajitenge na masimbi. Chuja, hifadhi katika chupa safi na kavu. Katika baridi ya Juni na Julai mafuta hayo yataganda usiku. Hayajaharibika, kwani mafuta ya nazi huganda kila joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Iweke chupa katika maji ya moto nayo yatayeyuka.

Matumizi yake ni haya: usiku wa kuamkia siku ya kuosha, chukua vijiko viwili au vitatu vya chakula, gawa nywele mafungu manne, paka kila fungu kuanzia nchani kurudi shinani, funga kitambaa, lala. Asubuhi osha.

Je, mafuta ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida wanayo kwa wingi, hayafai? Yanafaa, ila kwa kazi nyingine. Alizeti na ufuta hubaki juu ya unywele, huupa ulaini na kuzuia maji yasitoke upesi. Kwa hiyo yapakwe baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu. Matone machache yanatosha, yasuguliwe viganjani kwanza. Anayepaka mafuta juu ya nywele kavu kabisa hufungia nje unyevu anaoutafuta. Mafuta ya mbegu za ubuyu nayo hutumika vivyo hivyo, na mibuyu ni miti ya nyumbani kwa watu wa Dodoma.

Mafuta ya nyonyo, yaani ya mbarika, ni mazito na yenye kunata, hivyo changanya kijiko kimoja na vijiko viwili vya mafuta mepesi. Hulainisha vizuri, lakini madai kwamba huotesha nywele hayana ushahidi wa kutegemewa. Tena mzazi awe macho: mbegu za nyonyo zina sumu kali, na mtoto akizitafuna zinaweza kumuua.

Michanganyiko minne ya nyumbani

Mchanganyiko wa kwanza ni parachichi. Ponda parachichi moja lililoiva, chekecha ili lisibaki na vibonge, ongeza kijiko kimoja cha asali na kimoja cha mafuta. Paka kwenye nywele safi zenye unyevu, funika kwa mfuko laini wa nailoni na taulo lililokamuliwa katika maji ya moto, kaa nusu saa, suuza vizuri. Asali huvuta maji na parachichi huleta mafuta.

Wa pili ni yai na mtindi. Koroga yai moja na nusu kikombe cha mtindi usio na sukari, paka kwa dakika 20. Hapa pana sharti moja: suuza kwa maji baridi. Maji ya moto huliivisha yai kichwani, nawe utashinda mchana kutwa ukiokota vipande vyake.

Wa tatu ni shubiri. Kata jani, lisimamishe hadi utomvu wa njano utoke wote, kwani huo huwasha ngozi. Menya, toa ute mweupe, uoshe, upake kwenye ngozi ya kichwa na nywele kwa dakika 20. Huwafaa hasa wenye kichwa kinachowasha kwa ukavu.

Wa nne ni maji ya mchele, na Bahi ni nchi ya mpunga. Loweka nusu kikombe cha mchele uliooshwa katika vikombe viwili vya maji kwa nusu saa, chuja, mimina kichwani baada ya kuosha, acha dakika 15, suuza. Wanawake wa Kiyao wa kijiji cha Huangluo nchini China, wanaojulikana kwa urefu wa nywele zao, huosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Usizidishe mara moja kwa wiki mbili, la sivyo nywele huwa ngumu.

Kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza: paka kidogo ndani ya mkono, ngoja saa 24. Ukiona vipele au muwasho, acha.

Hina, piko na dawa za saluni

Hina halisi ni mmea wenye baraka ya matumizi ya tangu kale, nayo huunenepesha unywele kwa kuuvika rangi. Hata hivyo, hina peke yake hukausha. Mwenye nywele kavu aikande kwa mtindi au aongeze kijiko cha mafuta, na aikoshe kwa maji mengi. Ajihadhari na ile iitwayo hina nyeusi au piko, kwani hina ya kweli haina rangi nyeusi. Weusi huo mara nyingi hutokana na kemikali ya rangi za nywele iitwayo PPD, ambayo kwa baadhi ya watu husababisha malengelenge na makovu.

Ama dawa za kunyoosha nywele, hizo hufanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele nguvu na umbo lake. Unywele uliovunjwa hivyo haurudi ulivyokuwa, na hakuna parachichi wala nazi itakayouponya. Hulainishwa tu hadi ukatwe na mwingine uote. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waliokuwa wametumia dawa hizo zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia kujiunga na utafiti walionekana kupata saratani ya mji wa uzazi zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Kwa makadirio yao, hadi umri wa miaka 70, hatari ilikuwa asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, wala si kila aliyepaka ataugua. Lakini kwa mama anayempeleka binti wa miaka minane saluni ili apendeze siku ya Idi, ni sababu ya kutosha ya kugeuza njia.

Twahara na ushungi

Wengi huuliza kama mafuta huharibu udhu. Mafuta ya kawaida hulainisha bila kujenga ukuta, hivyo maji hupita juu yake na kufika. Kinachozuia ni kitu chenye mwili, kama nta au jeli nzito iliyokauka ikawa ganda. Hicho kiondolewe kwanza. Kadhalika rangi ya hina haizuii maji, maadamu hina yenyewe imeondolewa.

Kuhusu josho la janaba, Ummu Salama (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba yeye ni mwanamke anayesuka nywele zake kwa kukaza, akauliza kama ni lazima azifumue. Akamjibu, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba inamtosha kujimwagia kichwani mateko matatu ya maji. Hivyo basi, msusi uliogharimu fedha si udhuru wa kuchelewesha sala. Katika josho la hedhi wanazuoni wana maelezo zaidi, na dada asiye na yakini amuulize mwalimu wake.

Na dada anayetoka kuoga asifunge ushungi juu ya nywele zinazochuruzika. Kichwa chenye joto na unyevu uliofungiwa huzalisha harufu na fangasi. Acha zikauke nyumbani, kisha ujistiri. Kitambaa cha ndani kiwe cha pamba, kioshwe mara kwa mara, na fundo lisikazwe mahali pamoja kila siku, kwani nywele za pembeni mwa paji la uso huanza kung'oka hapo, kama zinavyong'oka kwa msusi uliokazwa.

Dalili zisizotibika kwa mafuta

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo. Nywele ni kioo cha mwili, na kuna wakati kioo hutuonyesha maradhi.

Mtoto ambaye nywele zake zimekuwa chache, zimepauka au kugeuka nyekundu hafifu, na zinang'oka bila yeye kuhisi maumivu, asipakwe mafuta akaachwa. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kwashakoo, hasa ikifuatana na kuvimba miguu, unyonge na kukataa kula. Huo ni utapiamlo mkali, nao huua. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye viraka vya duara visivyo na nywele, vyenye magamba, huenda ana mapunye. Mapunye huambukizwa kwa kuazimana kofia, chanuo na wembe, na huhitaji dawa za kumeza, kwa kuwa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Madrasa na nyumba zenye watoto wengi zizingatie hilo.

Mama mwenye nywele zinazopukutika, uchovu, kizunguzungu na viganja vilivyopauka aombe apimwe damu. Hedhi nzito na mimba zilizofuatana humaliza madini ya chuma mwilini. Maharage, dagaa, nyama na mboga za majani zina faida kubwa kwake, na chai asiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma hicho kisifyonzwe. Ama aliyejifungua akaona nywele zinatoka kwa wingi baada ya miezi miwili hadi minne, asihofu wala asiharakishe kumtuhumu jirani kwa husuda. Ni jambo la kawaida, na kwa wengi hurejea ndani ya mwaka.

Tatizo la nywele kudondoka si la zama zetu pekee. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke alimjia Mtume (S.A.W.) kuhusu binti yake, bibi harusi aliyepukutika nywele kwa sababu ya surua, akataka ruhusa ya kumuunganishia nywele nyingine. Hakuruhusiwa. Mlango wa kuunganisha ulifungwa, lakini mlango wa kujitibu u wazi, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametuamrisha kutafuta tiba.

Kwa hiyo familia ianze na kilichopo: mafuta ya nazi usiku mmoja wa wiki, kuosha kwa upole, suuzo la limau, matone ya alizeti, na chanuo lenye meno mapana kwenye nywele zenye unyevu. Ifanye hivyo kwa miezi miwili au mitatu bila kuruka kutoka dawa hii hadi ile, kwani unywele hukua takriban sentimita moja tu kwa mwezi. Na fedha iliyokuwa iende kwenye kopo lenye picha, inunue mayai na dagaa kwa ajili ya watoto.

Mwenyezi Mungu atupe afya na shukurani ya neema zake.